Kwa Anko Wafula, kuhusu Mechi ya Maji

Anko Wafula,

Ijumaa iliyopita manahodha wa timu kumi na nne walikaa kwenye mikeka pembeni ya uwanja wetu wa vumbi kule Mesaimeer, hapa Doha, na mimi nikasimama mbele yao nikazungumza. Najua hapo umeshaacha kusoma, unacheka. Nasra! Mtoto ambaye ukimuuliza anasoma kitabu gani anakugeuzia jalada ulione mwenyewe. Ndiyo, mimi. Nilisimama, nikazungumza, na sauti yangu ilisikika mpaka kwa wale waliokuwa wanakunywa chai nyuma ya gari la Baba.

Nakuandikia kwa sababu lililojadiliwa lilikuwa lako: kama timu yetu ya Pwani na yenu ya Ziwani wataendelea kukutana kila mwaka kwenye Mechi ya Maji, au kama mechi hiyo iishe. Na ilikaribia kuisha kwa mkono wangu.

Kwanza habari za mlango wa maktaba. Kwenye kiti chako cha ulinzi amekaa kaka mmoja kutoka Nepali. Hana maneno. Anatazama begi langu la shule, ananyanyua kidole kimoja juu ya dawati, maana yake pita. Siku ya kwanza nilisimama pale nikisubiri kuulizwa kama nilivyozoea: "Profesa, leo umesoma ama ulikuwa unachorachora tu?" Hakuuliza. Nikaingia nikakaa meza ile ile ya dirishani kumsubiri Baba amalize kuzungusha basi la wanafunzi. Sikusoma ukurasa hata mmoja siku ile. Sasa nasoma. Mama bado yuko kliniki, zamu zile zile. Baba bado ni nahodha wa Pwani, na goti lake bado linamwambia aache.

Ramani ya Marekani na daftari la ratiba ya ligi ninavyo mimi. Uliviweka kwenye bahasha ukaandika jina langu, na Kato wa Ziwani alinifikishia. Vyuo vingine vimehama tangu uondoke. Nimevifuta na kuvipaka rangi upya jinsi ulivyonifundisha: futa kwanza, usipake rangi juu ya rangi, utaharibu ramani.

Nakumbuka jinsi ramani ile ilivyoanza. Yule mwalimu wa hisabati, Mmarekani mrefu anayetembea na kikombe chake, alipita jioni moja uso umemshuka kama mfiwa. Ukamuuliza. Akakueleza kwamba chuo alichosoma kwao kimehama konferensi. Alipopita ndani ulinigeukia. "Profesa, hebu nitafutie hiyo kitu. Mtu mzima analia juu ya nini?"

Tukatafuta kwenye kompyuta iliyo karibu na mlango, wewe umesimama, jicho moja kwenye kioo na moja kwa wanaoingia. Tukajifunza kwamba kule vyuo vina mpira wao, ule wa umbo la yai, wa kubebwa mkononi na kugongana, na kwamba watu wanaujali kuliko mitihani. Vyuo vimejipanga makundi makundi, ndiyo konferensi zenyewe, na kila kundi linachezana lenyewe kwa lenyewe kila mwaka. Ukasema hilo ni ukoo. Na miaka hii koo zinavunjika. Chuo kinaamka asubuhi kinawaaga ndugu zake na kuingia ukoo mwingine wenye pesa nyingi zaidi za televisheni. Ndugu waliobaki wanatafuta wa kuziba pengo, wanamvuta mtu wa ukoo wa tatu, na ukoo wa tatu nao unaanza kuyumba. Tukanunua penseli za rangi. Tulipofika kwenye chuo cha ng'ambo moja ya nchi kilichokubaliwa katika ukoo wa ng'ambo ya pili, ulicheka mpaka ukafuta macho kwa kofia ya kazi. "Wacha! Huyu ameolewa mbali hivi, akikosana na mume atarudi kwao lini?"

Lakini mwalimu hakuwa analilia umbali. Alikuwa analilia mechi moja. Chuo chake na chuo cha jirani walikuwa wanakutana kila mwaka tangu babu yake hajazaliwa. Ukoo ulipovunjika, mechi nayo ikafa. "Tumepata timu nzuri za kucheza nazo," alikuambia, "ila hakuna hata moja ninayojua kuichukia vizuri." Ulirudia maneno hayo wiki nzima. Ulimwambia kila mlinzi aliyekuja kukupokea zamu. Halafu siku moja ukaniuliza, "Nyinyi kwenu Tanzania, timu mbili kama hizo mnaziitaje?"

Nikakwambia: watani wa jadi.

Ukataka kujua mtani ni nani hasa. Nikakueleza kama Baba anavyonielezaga. Kwamba zamani makabila yaliyopigana yalipatana, yakapeana ruhusa ya kutaniana, na ruhusa hiyo haikomi hata msibani. Kwamba mtani anaweza kuja kwenye msiba wako akamsema marehemu kwa uvivu wake, akalala karibu na kaburi na kukataa kuondoka mpaka apewe kuku, na hakuna anayemkasirikia. Na kwamba mtu huyo huyo ndiye atakayechota maji, atakayepasua kuni na kuosha vyombo, maana wafiwa hawatakiwi kushika kazi.

"Kwetu mtu akijaribu hivyo atapigwa," ukasema. Ukawafungulia mlango wanafunzi wawili, ukarudi. "Lakini imekaa poa. Siku yangu ikifika, mwambie baba yako asininyime."

Jioni ile nilimwambia Baba ndani ya gari, kama kichekesho. Yeye hakucheka. Alisema, "Haya, nimesikia." Mimi nikasahau. Hukuwa hata na mvi.

Sasa naomba unisikilize vizuri, maana sehemu hii ndiyo ngumu kwangu.

Ulikufa usingizini siku yako ya mapumziko. Walisema ni moyo. Ulipoondoka kwa ndege kurudi nyumbani, Ijumaa iliyofuata watu walitoka ibadani Mesaimeer wakaenda kwenye ile nyumba mliyopanga Al Rayyan. Kulikuwa na picha yako juu ya meza, ile ya kitambulisho iliyokuzwa, uso umekaza kama vile unamnyima mtu kuingia. Walikuwepo Ziwani wote, na kina dada wa hotelini, na sisi watatu. Pwani walikuja na jezi zao.

Baba akaingia na buti za mpira zimening'inia shingoni. Akaenda moja kwa moja mbele ya picha, akaweka mikono kiunoni. "Wafula, mwoga wewe! Umeona ratiba, umeona Ijumaa ijayo ni Pwani, ukaona bora ufe! Basi nipeni pointi zangu tatu, maana huyu amekimbia uwanja!"

Hakuna aliyecheka. Baba aliangalia huku na huku, bado ana tabasamu, akingoja mtu mmoja tu amjibu. Akanyanyuka Kato, golikipa wenu, ambaye siku ile hata hajawa nahodha, na alikuwa analia. "Mzee," akasema, "sisi tumefiwa. Toka."

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango nimeshika sinia la vikombe. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema: aliomba mwenyewe. Maneno mawili. Yalifika kooni. Nikatazama watu wazima wote wale waliovimba macho, na wote wamemgeukia Baba, nikaona wakigeuka tena wataniangalia mimi. Nikayameza.

Baba alitoka, ila hakuondoka. Alikunja mikono ya shati akakaa kwenye bomba la nyuma, akaosha masufuria yote yaliyopikiwa, yeye na wenzake wa Pwani. Wakapanga viti, wakafagia ua, wakatoa takataka. Hakuna aliyewaambia asante. Njiani nilimwuliza kwa nini hakusema kwamba ni wewe uliyemwagiza. Alisubiri taa ya kijani iwake. "Ningesema nimeambiwa na nani? Wangekugeukia wewe. Acha wanikasirikie mimi, nina mgongo mpana."

Mechi ya Ijumaa ile haikuchezwa. Ziwani hawakutokea. Baada ya hapo wakipishana na Pwani uwanjani walisalimiana kwa kidevu tu.

Halafu ligi ikakua. Ulipoondoka tulikuwa timu sita, kila moja inacheza na kila moja. Ghafla watu wa hoteli wakaunda timu nne, walinzi wa maduka makubwa wakaja na yao, na madereva wa familia wakaja na yao. Wapishi walikuja. Hata vijana wa maegesho wana timu, na wanakimbia kweli, maana ndiyo kazi yao. Kumi na nne kwa kiwanja kimoja, na Ijumaa zenyewe ni zile chache kati ya joto kupungua na joto kurudi. Haiwezekani wote wakutane. Saidi, mwenyekiti wa ligi, akaja nyumbani, akakataa chai, akakubali chai, akasema, "Mwanangu, daftari la marehemu unalo wewe. Hebu tugawie hawa watu kanda mbili, kwa haki."

Nilifurahi mno. Mimi ambaye darasani nikijua jibu naliandika pembeni ya daftari na kumwachia mwingine anyooshe mkono, nimeombwa kazi yako! Nikachukua ramani ya Doha, rula, na penseli zako. Nikapima kila timu inalala wapi na itatembea umbali gani. Nyekundu kwa Kanda ya Kusini, kijani kwa Kanda ya Magharibi. Saba na saba. Ilipendeza kiasi kwamba niliibandika ukutani. Saidi alipoipeleka kwa manahodha, wote waliisifu. Kato mwenyewe alinisimamisha uwanjani. "Katibu, kazi safi. Banange, jamani, hii umesaidia sana." Nilitembea na sifa hiyo siku tatu.

Jumanne nilikaa kuandika ratiba yenyewe. Nilipofika mstari wa Pwani nikaandika Walinzi wa Maduka, nikaandika Maegesho, nikaandika mpaka timu ya sita, mstari ukaisha. Nikahesabu tena. Al Thumama, wanakolala Pwani, iko kusini. Al Rayyan, kwenu Ziwani, iko magharibi. Rula yangu ilikuwa imepita katikati ya Pwani na Ziwani, na hawatakutana tena labda wafike fainali, na wewe unajua hakuna hata mmoja wao anayefika fainali. Hapo nikaelewa ni kwa kitu gani Kato alikuwa ananishukuru.

Anko, najua koo zote za Marekani. Najua nani aliondoka, nani aliachwa, na nani alilia maktabani na kikombe mkononi. Na kwetu nimefanya kile kile, kwa rula, nikisikiliza redio.

Nilimwambia Baba. Alikuwa anakata vitunguu. "Iache," akasema. "Wametaka wenyewe. Mtani halazimishwi." Alisema hivyo bila kuniangalia, na vitunguu vilikuwa vimeshaisha kukatwa.

Kwa hiyo Ijumaa nilikwenda. Ulikuwa mkutano wa kupitisha kanda, dakika tano tu, halafu watu wakacheze. Ziwani walikuwa wametoka ibadani, bado wana mashati meupe, buti mkononi. Pwani walikuwa wametoka msikitini. Saidi akainua karatasi yangu. "Jamani, ramani hii mmeiona, mmeipenda. Mwenye neno?"

Nikasema, "Mimi."

"Mwenye neno asiyekuwa mchoraji," akasema Saidi, watu wakacheka.

"Mchoraji ndiye aliyekosea," nikasema. Nikawaeleza kwamba nilipima mahali watu wanapolala, na ligi haitokani na mahali watu wanapolala. Nikawaeleza habari za vyuo, za mwalimu na mechi yake iliyokufa, na jinsi ambavyo hata timu nzuri zikija, mpinzani hapatikani kwa tangazo. Nilisema koo zilizokuwa kubwa mno kule zilitafuta njia: timu zinagawanywa, sawa, lakini kila timu inabaki na mpinzani mmoja wa kudumu upande wa pili, ambaye haguswi na ramani yoyote. Nikaomba tufanye hivyo. Kila nahodha aandike kwenye karatasi jina la timu moja ambayo hataki kuikosa. Majina yakilingana, mechi hiyo inawekwa kwenye ratiba daima.

Nahodha wa Wapishi akapayuka, "Sema tu baba yako anataka pointi za bure za Ziwani!"

"Za bure?" mmoja wa Ziwani akamrukia. "Mwaka jana walitufunga na penalti ya kuomba! Mtu ameanguka peke yake, refa akamhurumia!"

"Aliteleza kwenye machozi yenu," akajibu mtu wa Pwani, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nikasikia sauti ya zamani. Lakini Kato hakucheka. Alisema taratibu, "Katibu, mimi sina ubaya na wewe. Lakini timu iliyokuja kumcheka mtu wetu kwenye kilio chake, mimi siwezi kuandika jina lake."

Baba akaanza kuinuka. Nikajua anakwenda kusema yeye ndiye mkosa, yaishe. Nikasema kabla yake.

Nikasema, "Aliomba mwenyewe."

Wote wakageuka, kama nilivyoogopa siku ile. Na sikufa. Nikawaambia kila kitu, mlango wa maktaba, swali lako, utani ni nini kwetu, kuku, kuni, vyombo. Nikawaambia kwamba ni mimi niliyepeleka ujumbe kwa Baba, na ni mimi niliyenyamaza na sinia mkononi wakati anafukuzwa, na kwamba yeye alinyamaza ili nisiangaliwe kama walivyokuwa wananiangalia pale.

Kato akasema, "Alisema maneno gani? Yaseme kama yeye."

Nikayasema. Sijui sauti yako ilitoka wapi, lakini ilitoka. "Kwetu mtu akijaribu hivyo atapigwa. Lakini imekaa poa. Siku yangu ikifika, mwambie baba yako asininyime."

Nyuma kabisa mtu akasema, "Aki huyo ni Wafula kabisa," akafunika uso kwa taulo.

Kato akamgeukia Baba. "Na zile sufuria, mzee. Nilikuona kwa dirisha. Nilisema huyu sasa anatafuta nini."

"Ni kazi ya mtani," Baba akasema.

Kato akatikisa kichwa. Halafu akasema, "Ile kubwa uliacha ukoko."

Anko, laiti ungeona! Kilichotokea hapo sikuweza kukiandika kwenye muhtasari. Baba alisimama akidai kuletewa sufuria hiyo hadharani. Mtu wa Ziwani akasema Pwani hata kuosha vyombo wanatafuta penalti. Wapishi wakaapa kwamba wao kama wataalamu wako tayari kutoa hukumu. Saidi alipiga makofi mpaka akachoka, akakaa chini akajimiminia chai.

Tukagawa karatasi. Baba aliandika haraka, akakunja. Kato aliomba kalamu, akairudisha, akaiomba tena. Wakati Saidi anafungua karatasi moja moja nilikuwa naandika majina kwenye daftari. Hoteli ya kwanza iliandika hoteli ya pili. Walinzi wa maduka waliandika madereva, na madereva wakaandika walinzi, kwa sababu wamegombania maegesho miaka yote. Pwani iliandika Ziwani. Ikabaki karatasi ya mwisho kwenye kofia. Saidi aliifungua, akaisoma kimya, mtu mzima yule, kututesa tu. Halafu akaigeuza tuione. Herufi kubwa, za Kato: PWANI. Na chini yake: waje na refa mwingine.

Mikono kumi na moja ilikubali utaratibu mpya, mitatu ilikataa. Wapishi walikataa kwa sababu waliandika Pwani na Pwani haikuwaandika. Nahodha wao alinuna kwelikweli, hata tulipowaunganisha na timu nyingine iliyokosa jozi. Maegesho na timu moja mpya ya hotelini hawakuandikwa na mtu yeyote, na hilo liliniuma, nikauliza tuwafanyeje. "Waunganishe hao hao," Saidi akasema. "Watajifunza kuchukiana, hakuna haraka." Nimewaunganisha. Nina imani nao.

Ramani yangu ya kijani na nyekundu imebaki kama ilivyokuwa, ila sasa kuna mistari saba ya penseli nyeusi inayokatiza. Si safi kama mwanzo. Naipenda zaidi.

Jana yule mwalimu wa hisabati alinikuta naichora upya mezani. Alisimama akaitazama. Nilimweleza yote, mimi mwenyewe, bila kuulizwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwao wangekuwa na katibu kama huyu mambo yasingefika pale. Halafu akauliza kama mgeni anaruhusiwa kuja kutazama. Nikamwambia aje, ila achague upande kabla hajafika.

Leo ni Alhamisi. Kesho ndiyo Mechi ya Maji ya kwanza bila wewe, saa tisa na nusu, watu wako wakishatoka ibadani na wa kwetu wakishatoka swala. Kato amekuja mpaka nyumbani Al Thumama kuniomba nikae kwenye benchi la Ziwani, niandike magoli na dakika, kama ulivyokuwa unafanya. Nilimtazama Baba. Baba alisema binti wa Pwani akikaa benchi lile asirudi na njaa, hakuna chakula cha msaliti. Kisha akaniuliza kama nina penseli ya kutosha.

Sijui nitasema nini nikikaa pale. Labda nisiseme chochote, na siku hizi sioni tena kwamba kunyamaza ni kosa kila wakati. Kosa ni kushika sentensi ya mtu mwingine na kuimeza. Hilo nakuahidi sitalifanya tena, si kwako, si kwa Baba, si kwa mtu yeyote. Na ahadi ya pili: maadamu penseli iko mkononi mwangu, Pwani na Ziwani ndio mstari wa kwanza kuandikwa, na timu nyingine zote, ziwe kumi na nne au arobaini, zitajipanga kuuzunguka. Nikienda chuo, nitamkabidhi daftari mtu atakayeapa hivyo mbele ya manahodha.

Basi pumzika, Anko. Kesho nitaandika kila kitu kwa haki, hata kadi za Baba. Lakini Pwani wakifunga nitasimama pale pale kwenye benchi lenu nipige kelele, na wewe hutanifanya kitu. Ulikimbia uwanja, mtani wangu. Pointi tatu zetu.

Nasra